Sanamu za Kibuddha za Patan: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Mjini Patan, kusini tu ya Kathmandu nchini Nepal, mafundi wa Kinewar, wengi wao wa ukoo wa Shakya, hufinyanga sanamu kwa nta, huizungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha huuchoma mpaka nta itiririke na kuacha uwazi wa kumimina shaba. Kalibu huvunjwa ili sanamu itoke, kwa hiyo hazipatikani mbili zilizo sawa kabisa, na anayenunua kwa kutazama picha ya nyingine anajidanganya.

Nafasi ya kwanza naipa sanamu ya shaba nyekundu isiyotiwa dhahabu, ingawa wauzaji hawatapendezwa, kwa kuwa dhahabu huficha viraka na mashimo ilhali shaba tupu huanika kila pigo la tindo. Omba uonyeshwe Tara Mweupe, mungu wa kike wa huruma katika Ubuddha, kwani yeye humpima fundi kweli kweli: ana macho saba, mawili ya kawaida, moja kwenye paji la uso, na mengine katika viganja na nyayo, ishara ya huruma inayoona mateso popote yalipo. Igeuze, uelekeze unyayo kwenye mwanga wa pembeni. Jicho lililopitiwa na tindo lina ukingo mkali wa kope; lililoachwa lilivyotoka kwenye kalibu linafanana na kovu.

Ya pili ni iliyotiwa dhahabu kwa moto, yaani dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha zebaki hufukizwa kwa moto, kazi ya gharama na yenye sumu kwa fundi mwenyewe. Ikiwa dhahabu imepakwa kwa umeme, bei na ishuke. Uso mara nyingi hupakwa unga wa dhahabu bila moto, basi usiusugue.

Ya tatu ni shaba ya manjano inayotengenezwa kwa wingi, ambayo vidole vyake hushikamana, na upanga wa Manjushri, bodhisattva (mtakatifu wa Kibuddha) wa hekima, upanga unaokata ujinga, hutoka mnene kama mwiko. Za resini zilizopakwa rangi ya shaba si za metali hata kidogo.

Kitako kilichozibwa kwa bamba lenye alama ya vajra (kifaa cha ibada kinachowakilisha radi) mbili zilizopishana kwa kawaida huhifadhi ndani karatasi zilizokunjwa zenye mantra, yaani maneno matakatifu, kwa hiyo usikibandue kwa udadisi. Kabla ya kuondoka Nepal, dai hati ya Idara ya Akiolojia inayothibitisha kwamba sanamu ni mpya, kwa sababu zilizozidi miaka 100 haziruhusiwi kutoka nchini.