WooCommerce kwa muuza leso: uzoefu wangu Mombasa

Nauza leso, yaani kanga, na wateja wangu wengi nimewapata kwa WhatsApp. Natuma picha, naulizwa "imeandikwaje?", naulizwa bei ya mwisho, halafu kimya. Kwa sababu hiyo nikafungua duka la mtandaoni kwa WooCommerce, programu-jalizi (programu ya kuongezea) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Yenyewe ni ya bure. Jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi ndivyo vinavyolipiwa.

Kampuni yangu ya kwanza ya kuhifadhi tovuti siitaji. Karibu na Idi, msimu ambao leso hutoka kweli kweli, duka likawa halifunguki usiku na simu zao hazipokelewi. Nikahama na bidhaa zangu, picha zangu na orodha ya wateja, vyote vikaja. Uhuru huo ndio ulionifanya niipende programu hii.

Picha ndizo zilizonipa kazi. WooCommerce hukata picha za orodha ziwe za mraba, na leso ni pana: kinachokatwa ni pindo la kushoto na la kulia, pamoja na mwanzo na mwisho wa jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mteja anaona maneno mawili ya katikati, hajui kama anasifiwa au anatukanwa! Kuna mpangilio wa kuzuia kukata. Uwashe kabla ya jambo lolote. Jina lote nalichapa pia kwenye kichwa cha bidhaa, kwa kuwa ndilo watu wanalotafuta Google. Leso ya jina moja yenye rangi tofauti huingia kama bidhaa moja, kila rangi na picha yake, bei yake na hesabu yake ya stoki.

Fomu ya anwani inauliza msimbo wa posta. Nani anaujua wake? Nimeuondoa. Bei za kupeleka hupangwa kwa maeneo, na kaunti za Kenya zimo tayari, lakini Mombasa nzima inahesabiwa eneo moja. Ndani yake nimeweka njia kadhaa mteja achague: kisiwani kwa bodaboda, Nyali na Kisauni, Likoni ambako mzigo unavuka feri, au aje kuchukua mwenyewe bila malipo. Nairobi hupanda basi. Gharama hizi nimezitaja pia kwenye ukurasa wa bidhaa, maana mtu akikutana nazo mwishoni, kikapu anakiacha hapo hapo.

M-Pesa haiji na programu hii. Unahitaji till au paybill (namba za biashara za kupokelea M-Pesa), programu-jalizi nyingine, na kuunganishwa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom. Kama huna fundi, hapa utasumbuka. Ikishakaa sawa, ombi la malipo linatokea kwenye simu ya mteja, anaweka namba ya siri, na oda inajibadilisha kuwa imelipwa. Asiyelipa hushikiliwa mzigo kwa dakika 60, kisha oda inafutwa na leso inarudi dukani. Mimi nimeziongeza, wateja wangu wengine hungoja kwanza mume atume pesa.

Naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa M-Pesa na kwa masasisho yasiyokwisha. Chukua nakala ya duka lako kabla ya kubonyeza kusasisha.