Soya, maharage, ngano, karanga: ukienda Owino anza na ipi?

Watu wengi wakifika Owino, soko kubwa la Kampala, kutafuta protini ya bei nafuu wanauliza swali moja tu, ipi ina protini nyingi, na muuzaji anakujibu soya. Hajadanganya, soya kavu ina kama asilimia 36 hadi 40, karanga kama 25, maharage 20 na kitu, unga wa ngano 10 hadi 13. Sasa jaribu kusukuma chapati ya unga wa soya mtupu uone vile inapasukapasuka. Protini ni kama uzi mrefu, na vile huo uzi umekunjwa ndio inaamua itakufanyia kazi gani jikoni.

Namba moja kwangu ni soya ya punje, hizi kama Maksoy, aina za mbegu zilizotengenezwa na Chuo Kikuu cha Makerere. Protini zake zimejikunja kama vidonge vya uzi, nyingi zinaingia kwenye maji vizuri, ukichemsha zinafunguka, ukikamua unapata maziwa, ukitia ndimu zinashikana unapata mgando kama jibini. Lakini soya mbichi ina protini nyingine inayozuia tumbo kusaga chakula na moto ndio dawa yake, kwa hiyo mimi unga uliosagwa tayari siununui hovyo, nanusa kwanza, ukinuka majani mabichi naacha. Afadhali ununue punje, ukaange mwenyewe, upeleke kwa mashine ya kusaga Kisenyi, palepale Kampala. Kwa uji wa watoto changanya na mahindi, mahindi yana kidogo laisini, kipande cha protini ambacho mwili unakihitaji, na soya inayo ya kutosha.

Namba mbili unga wa ngano, najua mtashangaa maana protini yake ni kidogo, ila kwa chapati na rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, hakuna wa kuishindania. Ina protini mbili, gliadini inayovutika na glutenini inayorudi nyuma, ukitia maji ukakanda zinashikana zinakuwa wavu, huo ndio gluteni. Ndio maana donge jipya ukilisukuma linajikunja tena, liache nusu saa litulie. Soma paketi: protini asilimia 10 au 11 inatosha chapati, mkate unataka 12 kwenda juu. Na ukiongeza unga wa muhogo mwingi ili kubana matumizi jua unakata ule wavu, muhogo hauna gluteni kabisa.

Tatu, maharage, aina ya nambale yakiwepo chukua. Loweka, mwaga maji, halafu yachemke kwelikweli dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto, maana maharage mekundu mabichi yana protini iitwayo lektini inayotapisha na moto mdogo hauiui.

Nne, nyama ya soya, zile vipande vikavu vyepesi. Ni unga wa soya uliotolewa mafuta, ukapitishwa kwa mashine yenye joto na presha mpaka protini zikanyooka zikalala upande mmoja kama nyuzi za nyama. Jaribu kimoja kwenye maji moto, kikibaki na nyuzi ni kizuri, kikiwa uji rudisha. Kamua maji yote kabla ya kukaanga la sivyo viungo haviingii.

Karanga naweka mwisho, na sio kwa sababu ya ladha, binyebwa, mchuzi wa karanga, nakula kila wiki. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, halafu kuna kuvu. Mimina kiganjani uangalie, zilizosinyaa au zenye ukungu usichukue hata kwa bei ya kutupa, ile sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini kukaanga hakuimalizi.