Mandhari ya Mlimani: Usitazame Maua Peke Yake

Mgeni anayefika Kampasi ya Mwalimu J.K. Nyerere, Mlimani, kwa mara ya kwanza hupelekwa Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, na akishapiga picha huondoka akiamini kuwa ameyaona mazingira ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maoni yangu anakuwa ameona sehemu ndogo. Maua na nyasi zilizokatwa vizuri hata hoteli zinazo. Kinachonifanya niipe kampasi hii nyota nne kati ya tano ni miteremko iliyoachiwa miti na vichaka vyake, pamoja na mabwawa ya kusafishia majitaka ambayo wageni wengi hawajui hata kama yapo.

Chuo kilihamia kilimani mwaka 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba ulioko katikati ya jiji, umbali wa kilomita 13 hivi. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kwa mahali palipo juu ya kilima huo ndio mtihani wenyewe wa usimamizi wa mazingira. Mvua ikipiga kwenye kichaka, majani huyapunguzia matone nguvu, maji hushuka taratibu kwenye tabaka la majani yaliyooza, na sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Ikipiga kwenye paa na lami, yote hukimbilia bondeni kwa mkupuo mmoja yakiwa yamebeba mchanga, na anayelipa ni mkazi wa chini ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo. Ndiyo maana siungi mkono wanaoviita vichaka vya Mlimani uchafu unaosubiri kufyekwa.

Mabwawa ndiyo yaliyonivutia zaidi. Majitaka hupita kutoka bwawa moja hadi jingine kwa siku kadhaa, bakteria wakivunjavunja uchafu, mwani wa kijani ukiwapa oksijeni mchana, na jua kali la pwani likiua vijidudu vya maradhi. Kazi yote hiyo hufanyika bila kemikali na bila mitambo ya gharama. Wataalamu wa chuo wamekwenda mbele zaidi kwa kutafiti ardhioevu za kutengenezwa, yaani vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, ambamo maji hupenya polepole kati ya mizizi na kuacha uchafu mwingine humo. Kwa shule, hospitali au kambi isiyo na bomba la majitaka la mji, hili ni somo linaloigika kwa fedha za kawaida, mradi uongozi ukumbuke kuondoa tope kabla mabwawa hayajajaa na matete kuvunwa kwa wakati. Mfumo wa aina hii hauvumilii bajeti ya matengenezo inayoahirishwa kila mwaka.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya ardhi. Mlimani City, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya chuo, inaingiza kodi na imeleta huduma, lakini maegesho yake ya lami ni kinyume kabisa cha kile nilichokisifu hapo juu. Hosteli za mwaka 2017, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, zilihitajika mno, na sidhani kuna mzazi atakayezilalamikia. Hata hivyo kila jengo la namna hiyo linapaswa kuandamana na matangi ya kuvunia maji ya paa na miti ya kivuli, si ile miashoki myembamba inayopendwa na taasisi nyingi mjini, ambayo hupanda juu kama nguzo na kumwacha mtembea kwa miguu juani saa saba mchana. Mkungu mmoja, kwa matawi yake yanayotanda kwa ngazi, hufanya kazi ya miashoki kumi.

Taka nazo zina mashahidi wake, tumbili wa kampasi na kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na sasa ni kero ya jiji zima. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia, ila pipa lisilo na mfuniko ni karamu kwa wote wawili.

Anayetaka kuitembelea Mlimani kwa jicho hili achague asubuhi baada ya mvua ya Aprili, aanzie juu na kushuka kwa miguu akifuata mifereji, avae viatu visivyoteleza, na asiwatupie tumbili chakula hata wakimsogelea.