Filta ya haidroliki: ikiingia haimaanishi inafaa

Karibuni watazamaji, mafundi na wenye mashine. Tazameni hapa mezani. Filta mbili za kufunga kwa kuzungusha: kimo sawa, unene sawa, gasketi sawa. Nachukua hii ya kushoto, naizungusha kwenye kichwa cha filta... imeingia. Natoa. Ya kulia nayo... imeingia, tena laini kabisa. Fundi mwenye haraka atasema hizi ni zilezile, kaza twende kazini. Kumbe ya kushoto ni ya oili ya injini, ya kulia ni ya haidroliki, yaani mfumo unaosukuma mashine kwa presha ya oili.

Zinaingia kote kwa sababu watengenezaji wengi wanatumia nyuzi zilezile. Inchi 1 yenye nyuzi 12 kwa inchi utaikuta kila mahali. Na kuna mtego mwingine hapo: filta ya M20, yaani kipenyo cha milimita 20, yenye hatua ya milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, inaingia kwenye kichwa cha robo tatu inchi, nyuzi 16. Inaingia ikicheza kidogo, mkono unadhani imekamata. Presha ikipanda, inachomoka na oili inamwagika yote. Kwa hiyo shika venia kalipa, kile kipimo cha kupima unene, achana na kukadiria kwa jicho.

Sasa, tofauti ya hizi mbili iko ndani. Angalia chini hapa, ona springi na kisahani: hii ya injini ina baipasi yake humohumo kwenye kopo, yaani valvu inayofunguka filta ikiziba ili oili ipite bila kuchujwa. Mifumo mingi ya haidroliki inaweka baipasi kwenye kichwa, na kopo halina. Ukifunga kopo lisilo na baipasi kwenye kichwa kisicho na baipasi, siku filta ikiziba oili haina pa kupita: mikunjo ya kichujio ndani inabonyea, inachanika, na uchafu wote uliokusanywa unaachiwa kwa mkupuo mmoja. Ukiweka yenye baipasi inayofunguka mapema mno, oili inazunguka bila kuchujwa na wewe huna habari.

Hiyo presha ya baipasi kufunguka inategemea filta imekaa wapi. Kwenye laini ya kurudisha oili tankini, baa 1.7 ni namba ya kawaida. Kwenye laini ya kunyonya, kabla ya pampu, ni kama baa 0.2 tu, maana pampu haina nguvu kubwa ya kuvuta. Ndiyo maana nakerwa na ushauri wa "weka filta ya mikroni ndogo zaidi, mashine idumu". Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapa inapima ukubwa wa chembe zinazozuiwa. Weka filta ya mikroni ndogo mno upande wa kunyonya uone: pampu inakosa oili, viputo vinatokea na kupasuka ndani yake, inalia kama imejazwa kokoto, na chuma kinaanza kuliwa. Huko wavu wa mikroni 125 unatosha mara nyingi. Uchujaji mkali uache upande wa kurudisha. Na upande wa presha kuu, wenye baa 200 na kuendelea, kopo la bati la namna hii halikanyagi kabisa.

Tuje kwenye mikroni zenyewe, maana hapa ndipo boksi linaposema ukweli nusu. Nina filta mbili nyingine, zote zimeandikwa 10. Hii ya karatasi ni 10 ya "nominal", neno ambalo kila kiwanda kinalitafsiri kitakavyo. Inaweza kuzuia nusu tu ya chembe za ukubwa huo. Hii nyingine ya nyuzi za kioo imeandikwa Beta 10 ni 200, kwa kipimo cha ISO 16889. Maana yake, kati ya chembe 200 za mikroni 10 au zaidi zinazoingia, inaponyoka moja. Hiyo ni asilimia 99.5. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70, kwa hiyo uchafu unaoua valvu huwezi kuuona hata ukiimulika oili kwa tochi. Boksi lisilo na Beta, muulize muuzaji karatasi ya vipimo. Akikosa, mimi siiweki kwenye mashine yenye pampu ya pistoni.

Je, karatasi haifai kabisa? Inafaa. Mashine ya kupasulia kuni, pampu ya gia, valvu moja ya mkono: karatasi ya mikroni 25 inayobadilishwa kwa wakati itafanya kazi vizuri. Ila oili ikiwa na maji, karatasi inavimba na kudhoofika.

Sili za naitrili, aina ya mpira, zinatosha kwa oili ya madini. Mfumo unaotumia fosfeti esta, kiowevu kisichoshika moto kirahisi, unataka sili za aina nyingine.

Kufunga: hakikisha gasketi ya zamani haikubaki kwenye kichwa, maana gasketi mbili zitavuja tu. Paka oili gasketi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au fuata maandishi ya kopo. Usiijaze kwanza kwa oili kutoka kwenye ndoo iliyo wazi. Washa mashine bila mzigo, angalia uvujaji, zima, halafu pima oili tankini. Itakuwa imeshuka kwa kiasi kilichojaza kopo. Ongeza.