Siku 54 ndani ya kempa: kutoka baridi ya Hamburg hadi jua la Almería

Kilichotutoa Hamburg ni magoti ya Baba Salma. Kila Desemba yanavimba, ngazi za ghala anakofanya kazi zinageuka mlima, na akirudi nyumbani anakaa karibu na hita mpaka usingizi umchukue hapo hapo. Mwanzoni mwa Januari jua la huku linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo, na siku nyingi hata hilo hulioni kwa mawingu. Kwa weusi wa ngozi zetu, jua la namna hiyo halitoshi mwili kujitengenezea vitamini D. Tumemeza vidonge miaka kumi na tisa sasa.

Wazo la kwenda kusini kwa gari lilitoka kwa bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wakishuka Hispania kila Januari na kurudi Machi, kama wanavyofanya wastaafu wengi wa Kijerumani. Nikimvalisha soksi asubuhi ananisimulia upepo wa Cabo de Gata, rasi iliyoko Almería kusini mashariki mwa Hispania, na chumvi inayovunwa pale. Nilipomweleza Baba Salma alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama Salma, sisi tumezaliwa Tanga. Kwa nini tungoje kustaafu ndiyo tukaote jua?" Tukakusanya likizo zote, mimi nikaomba na wiki tatu zisizo na mshahara, tukakodi.

Gari lenyewe lilikuwa Fiat Ducato iliyogeuzwa nyumba, yaani kempa kama tunavyoita huku: urefu mita 6, kimo mita 2.65, uzito wa mwisho kilo 3,500, kwa hiyo leseni ya kawaida ya daraja B inatosha. Nyuma kitanda, katikati jiko la mafiga mawili na friji, ubavuni kijichumba chenye choo cha kaseti, yaani chenye kisanduku unachokitoa kwenda kukimwaga, na bafu. Bei Euro 62 kwa usiku, kwa sababu Januari wateja ni wachache, na amana Euro 1,500. Tuliondoka tarehe 4 Januari 2025 na kurudi tarehe 27 Februari, maana Ramadhani ilikuwa inaanza tarehe 1 Machi na tulitaka kuifunga nyumbani.

Jina la kampuni silitaji. Gari walilotupa lilikuwa zima na safi, na hilo nawashukuru. Lakini namna walivyotukabidhi haikuwa sawa, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Yule kijana alitumia dakika arobaini kutuonyesha jinsi kitanda kinavyofunguka, taa zinavyobadilika rangi na redio inavyoungana na simu. Hita alituonyesha swichi tu. Gesi alisema, "Ipo, imejaa." Basi.

Usiku wa kwanza tulilala Trier, kwenye kiegesho cha kempa. Baridi ilikuwa chini ya sifuri. Baba Salma amebandika chai, mimi natandika, mara nikasikia kama mtu anamwaga ndoo chini ya gari. Nikatoka na tochi ya simu. Maji yanatoka kwa nguvu kwenye kijibomba nyuma ya gurudumu, yanatambaa kwenye lami, na pembeni tayari yanaanza kung'aa kwa barafu. Tukajua bomba limepasuka. Tunapiga simu kampuni, haipokelewi. Tangi la lita 100 tulilolijaza asubuhi likaisha lote mbele ya macho yetu.

Aliyetuokoa ni mzee wa gari la jirani. Aliinama, akafungua kifuniko chini ya benchi, akatuonyesha vali ndogo yenye kitufe. Hiyo vali, akasema, imewekwa makusudi: ikihisi baridi ya nyuzi 3 hivi inafunguka yenyewe na kuimwaga boila, yaani tangi la maji ya moto, ili maji yasigande ndani na kuipasua. Sisi tulikuwa tumeendesha kutwa nzima bila kuwasha hita ya nyumba, na pampu tuliiacha imewashwa, kwa hiyo boila ilikuwa inamwagika na pampu inazidi kuijaza. Tena huwezi kuifunga palepale. Mpaka sehemu ile ifikie nyuzi 7 hivi. Tuliwasha hita, tukangoja karibu saa nzima, ndipo ikakubali. Chai tulipika kwa maji ya chupa.

Ukikodi kempa wakati wa baridi, muulize anayekukabidhi vali hiyo iko wapi, akuonyeshe kwa mkono wake. Washa hita kwanza, ndani pashike joto, ndipo ujaze maji.

La pili ni gesi. Tulikuwa na mitungi miwili ya propani ya kilo 11. Hita, maji ya moto na jiko vyote vinakula humo. Kwenye baridi ile mtungi wa kwanza ulikwisha asubuhi ya tatu, kabla hatujafika Lyon. Na mtungi wa Ujerumani hauubadilishi Hispania. Kule wana ile mitungi yao ya rangi ya chungwa yenye butani, na kichwa chake hakishikani na reguleta yetu. Hayo nayo tuliyajua njiani. Mtungi wa pili tuliubana kama unga wa mwisho wa mwezi: pilau tulipika kwa gesi, ugali kwa gesi, mengine yote kwa umeme wa kambi. Safari ijayo nitataka gari lenye hita ya dizeli. Inavuta kwenye tangi lile lile la gari, na kituo cha mafuta kipo kila nchi.

Njia yenyewe ni ndefu lakini nyepesi. Tulijaza dizeli Luxembourg ambako ni nafuu, tukapita Metz, Dijon, Lyon, tukateremka na bonde la Rhône hadi Perpignan. Kwenye barabara za kulipia za Ufaransa gari lenye kimo kati ya mita 2 na 3 linahesabiwa daraja la 2, kwa hiyo unalipa zaidi ya gari dogo. Kwenda na kurudi ilitutoka karibu Euro 200. Hispania tulishuka na barabara kuu ya AP-7, ambayo sehemu kubwa ya njia yetu siku hizi ni bure. Usilale kwenye vituo vya mapumziko vya barabara hiyo. Kuna wezi wanaotoboa tairi kisha wanakuja kama wasamaria. Karibu na Perpignan upepo ulikuwa unalisukuma gari pembeni kama mtu anayekupiga bega, Baba Salma akashuka hadi kilomita 80 kwa saa na kushika usukani kwa mikono miwili mpaka mpakani.

Siku ya tano, kilomita kama 2,700 kutoka mlangoni kwetu, tukafika.

Sitaki kumdanganya mtu: Almería Januari si Tanga Januari. Mchana nyuzi 17 hivi, usiku zinashuka hadi 8, na bahari ni baridi, hatukuingia zaidi ya magoti. Lakini jua lipo. Eneo lile ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote Ulaya, mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka. Unaamka, unafungua ule mlango mkubwa wa pembeni, na mwanga unaingia mpaka kwenye godoro. Siku ya kwanza Baba Salma alitoa kiti, akakunja suruali, akayaweka magoti yake juani kuanzia saa nne hadi adhuhuri bila kusema neno. Wiki ya pili alikuwa anatembea nami mpaka kwenye mabwawa ya chumvi ya Cabo de Gata kuwaangalia heroe. Makundi mazima, wamesimama kwa mguu mmoja kama wale wa Ziwa Natron. Kurudi tulipanda kilima kidogo, akapanda bila kushika ukuta. Niliona, sikusema kitu, nisije nikakitia nuksi.

Upepo wa mashariki, ambao wenyewe wanauita levante, ukianza unavuma siku mbili tatu na gari linatikisika usiku kucha. Geuza pua ya gari iuelekee upepo. Sisi watoto wa pwani tumelala na kaskazi utotoni, lakini ndani ya bati unausikia vingine kabisa.

Kuhusu kulala: ndani ya mbuga ile ya Cabo de Gata-Níjar kupiga kambi ovyo ni marufuku. Usiku mmoja tuliegesha karibu na ufuo tukiwa tumechoka, askari wakatugongea, wakatuambia kwa adabu tuhame, tukahama. Hispania kwa jumla wanatofautisha kuegesha na kupiga kambi: ukiwa umeegesha tu, magurudumu chini, hakuna kiti nje wala turubai, mara nyingi hawakusumbui, ila kila mji una masharti yake. Sisi tulihamia kambi yenye umeme, Euro 18 kwa usiku kwa anayekaa mwezi. Hapo jirani ni Wajerumani, Waholanzi na Waingereza. Hao Waingereza tangu nchi yao itoke Umoja wa Ulaya wanazihesabu siku zao, hawaruhusiwi kuzidi 90 ndani ya kila siku 180. Nanyi mnaoishi Ujerumani kwa kibali na pasi ya nyumbani, kama Baba Salma, mjue hesabu hiyo hiyo inawahusu mkiwa kwenye nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipakani baina yao. Sisi tulibaki ndani ya siku hizo bila wasiwasi.

Umeme wa kambi ulikuwa ampea 6. Maana yake ni wati 1,380 tu, na birika letu la nyumbani ni la wati 2,000. Mara ya kwanza kulichomeka tulizima nguzo nzima ya umeme tuliyochangia na majirani, na jirani yetu mgonjwa alikuwa anatumia mashine ya kupumulia usingizini. Nilikwenda kumwomba radhi, na kesho yake tukanunua birika dogo la wati 1,000. Bila umeme wa kambi, betri ya nyumba, ile ya taa na friji, ya ampea-saa 95, haifiki mbali. Ni ya madini ya risasi, ukitumia zaidi ya nusu unaiharibu, na friji ya kompresa peke yake inakula hiyo nusu kwa siku moja na kidogo. Sola ya wati 100 iliyolala juu ya paa, jua la Januari likiwa chini vile, inasaidia lakini haibebi nyumba. Anayetaka kukaa nje ya kambi aulize betri ya lithiamu.

Kitu ambacho hakuna aliyenitajia ni jasho la vioo. Watu wawili wakilala na kupumua usiku mzima, asubuhi kioo cha mbele kinatiririka maji, na usipokausha, godoro linaanza kunuka upande wa ukutani. Kila alfajiri baada ya swala nilipitisha taulo kwenye vioo vyote, nikalikamua nje, nikainua godoro lipate hewa. Siku ya pilau ndiyo kazi zaidi, mvuke wa nyama na bizari unaingia mpaka kwenye mito. Tulijifunza kupika mlango ukiwa wazi.

Nyama ya halali tulipata Campohermoso, mji ulio katikati ya mahema ya plastiki yanayolima nyanya na pilipili hoho za nusu ya Ulaya. Wanaochuma ni Waafrika wengi, Wamoroko, Wamali, Wasenegali. Muuza nyama alipoona hijabu yangu alisalimu, akauliza tunatoka wapi, nikasema Tanzania, akaongeza kipande cha mfupa bila kupima. Tulikwenda kwake kila Ijumaa. Nje ya duka wanasimama vijana na baiskeli zao wakisubiri atakayewahitaji shambani siku hiyo. Nyanya hizo hizo nazinunua Hamburg kila wiki, na sasa nikiishika moja nawaona wao.

Gharama yote bila chakula ilikuwa kama Euro 5,200: ukodishaji 3,348, dizeli karibu 1,000 kwa kilomita 6,100, na iliyobaki kambi na barabara. Chakula tulibeba kwa wingi, mchele kilo 20 na sembe kilo 10, mpaka tukaona vyema kulipima gari kwenye mizani kabla ya kuvuka mpaka. Tulikuwa chini ya kilo 3,500, lakini kwa kilo chache sana.

Tuliporudisha gari, kampuni ilikata Euro 180 kwenye amana kwa mkwaruzo wa meza. Ule mkwaruzo tuliukuta. Salma, aliyetusindikiza siku ya kuchukua gari, alikuwa amepiga picha kila kona, na meza ikiwemo, na tarehe iko kwenye picha. Tukazituma, fedha zikarudi baada ya siku kumi na moja. Bila zile picha zingekuwa zimekwenda.

Tumeshaweka oda ya Januari ijayo, kwa kampuni nyingine, gari la hita ya dizeli, na nimekwenda mwenyewe kuikagua.

Siku ya kwanza kazini nilimpelekea yule bibi kijifuko cha chumvi ya Cabo de Gata. Alikifungua, akachovya kidole, akalamba. Kisha akaniuliza, "Na maji? Yaliwamwagikia njiani?"