Uzoefu wangu wa bronkoskopi: mambo ambayo ningependa mgonjwa ayajue kabla ya kupimwa mapafu kwa kamera

Nimefanyiwa bronkoskopi katika hospitali moja kubwa ya rufaa jijini Dar es Salaam, nikitokea Morogoro kwa barua ya rufaa. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kuliko nilivyotishwa. Kilichonichosha ni yale yaliyokitangulia na yaliyokifuata, ambayo mengi yangeepukika kama mtu angekaa nami robo saa na kunieleza. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye ameshapewa tarehe na bado hajapata wa kumweleza.

Nilikuwa nimekohoa kwa miezi kadhaa. Nilipewa dawa za kuua bakteria zaidi ya mara moja, nikapimwa makohozi na kuambiwa hayana vimelea vya kifua kikuu, ilhali picha ya eksirei, na baadaye ile ya CT scan, zilionyesha kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kivuli cha namna hiyo kinaweza kuwa kifua kikuu, saratani, maambukizi ya fangasi au kovu la ugonjwa wa zamani, na picha peke yake haiwezi kuamua ni kipi kati ya hivyo. Ndiyo maana daktari alitaka sampuli itoke pale pale penye kivuli. Katika bronkoskopi hupitishwa bomba jembamba linalopinda, lenye taa na kamera kwenye ncha, kupitia puani au mdomoni hadi ndani ya mirija ya mapafu, na kupitia tundu lililomo ndani ya bomba hilo daktari anaweza kunyonya makohozi, kuosha sehemu ya pafu au kukata kinyama cha kupima.

Hofu kubwa ya watu, na ndiyo iliyokuwa yangu, ni kukosa pumzi. Mzee mmoja niliyekaa naye kwenye benchi aliniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, lile bomba likishaingia hewa haipiti." Si kweli, na inafaa kujua kwa nini si kweli. Bomba kuu la hewa la mtu mzima lina upana wa takribani milimita 15 hadi 20, na bomba la kamera linalotumika kwa kawaida lina unene wa milimita 5 au 6 hivi. Nafasi inayobaki pembeni inatosha kupumulia, na juu ya hapo mgonjwa huwekewa oksijeni puani na kibanio cha kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu muda wote. Nadhani masimulizi ya mzee yule yana asili yake. Daktari Mjerumani Gustav Killian, aliyetoa mfupa kwenye mrija wa hewa wa mkulima mmoja mwaka 1897, alitumia bomba gumu lililonyooka, na ilikuwa hadi miaka ya 1960 ndipo Shigeto Ikeda wa Japani alipoleta bomba linalopinda. Bomba gumu bado lipo na lina kazi zake, kama kutoa karanga au kitu kingine kilichomkwama mtoto, lakini hutumika mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi. Kwa hiyo unapopangiwa kipimo, uliza ni bomba gani, kwa sababu maandalizi ya nusukaputi ni tofauti na haya ninayoyaeleza.

Kuhusu maandalizi, kanuni ya kawaida ni kutokula chochote kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya kipimo na kuacha hata maji matupu saa 2 kabla. Sababu ni kwamba koo likiwa na ganzi, chakula kikirudi kutoka tumboni kinaweza kuingia mapafuni bila wewe kuhisi. Mimi niliambiwa tu "usile kuanzia usiku", nikaja alfajiri, nikakaa hadi wengine wote wakapita, nikaingia mwisho alasiri nikiwa na njaa na kiu. Baadaye daktari alinieleza kwamba mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hupangwa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kukohoa wakati wa kipimo hurusha vimelea hewani, na chumba kinahitaji muda wa kupitisha hewa kabla ya mwingine kuingia. Sababu hiyo ni ya msingi na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila mtu anayejulikana tangu jana kwamba ataingia alasiri angeweza kuambiwa anywe chai asubuhi na mapema, na hasa kama ni mgonjwa wa kisukari, ambaye kufunga siku nzima huku amejichoma insulini ni hatari halisi. Uliza saa yako ya kuingia, si saa ya kuripoti tu.

Jambo ambalo ningeliweka mbele kuliko yote ni dawa unazotumia. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla kama kutakuwa na kukata kinyama, lakini mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake, kwa maana wapo ambao kuziacha ghafla kunawaweka kwenye hatari kubwa kuliko kipimo chenyewe. Taja pia dawa za mitishamba unazokunywa, hata kama hukuulizwa. Sema kama una pumu, kama umewahi kupata mshtuko wa moyo hivi karibuni, kama una ujauzito, kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, na kama una meno ya bandia au jino linalolegea. Katika fomu niliyopewa nijaze, swali la dawa lilikuwa na mstari mmoja mfupi. Dada aliyekaa karibu yangu, ambaye alikuwa anatumia dawa za moyo, aliandika "za presha" na fomu ikachukuliwa hivyo hivyo. Bahati njema muuguzi wa ndani alirudia kuuliza, akamwambia atoe vidonge vyenyewe kwenye mkoba. Nendeni na dawa zenu mkononi.

Ndani ya chumba, niseme kwa haki, nilihudumiwa vizuri sana. Niliwekewa kanula, yaani kijibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi, nikapimwa uzito, kwa sababu kiasi cha ganzi na cha dawa ya kusinzisha hutegemea uzito na kina ukomo wake. Daktari aliniuliza ni tundu gani la pua linapitisha hewa vizuri zaidi, akaniziba moja baada ya jingine ili nijaribu, kisha akapaka ganzi ya jeli kwenye lile lililochaguliwa. Muuguzi akanipulizia lignokeini, dawa ya ganzi, kooni kwa chupa yenye mdomo mrefu, akisema, "Sema aaa, kaka, halafu meza." Ni chungu kama mwarobaini. Muda si mrefu ulimi ukawa mzito, na nikawa ninameza bila kujua kama mate yameshuka au bado yapo mdomoni. Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu na kutaka kunyanyuka, wakidhani koo limeziba, kumbe limekufa ganzi tu na hewa inapita kama kawaida. Ukilijua hilo mapema, unatulia. Muuguzi yule hakuwa na haraka, alirudia kupuliza na kusubiri, na ninaamini subira yake ndiyo iliyofanya sehemu iliyofuata ivumilike.

Nilipewa midazolamu kwenye mshipa. Si usingizi kamili, bali mtu husinzia, hulegea, na mara nyingi baadaye hakumbuki sehemu ya yaliyotokea. Mimi ninakumbuka mengi. Kupita puani ni kubanwa zaidi kuliko kuumia. Wakati mgumu ni mmoja, bomba linapofika kwenye nyuzi za sauti. Daktari hunyunyiza ganzi tena kupitia bomba lenyewe, na mwili hujibu kwa kikohozi cha nguvu ambacho huwezi kukizuia. Alinionya kabla, "Sasa utakohoa, ni kawaida," na kweli kikohozi kikaja, kikapungua. Usijaribu kuongea wakati huo, kwa sababu sauti hufanya nyuzi zigusane na bomba na kuchubuka. Kabla hatujaanza tulikubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto, atasimama. Niliuinua, naye akasimama kweli, akaongeza ganzi, akaendelea. Kila mgonjwa aombe makubaliano ya namna hiyo.

Kisha ilifuata kuosha pafu. Maji safi ya chumvi, kwa kawaida yanayozidi mililita 100 kwa jumla, huingizwa kwa mafungu na kunyonywa tena pamoja na vilivyomo ndani. Nilihisi ubaridi ndani ya kifua, upande mmoja, na hamu ya kukohoa. Si maji yote hurudi, lakini yanayobaki hunyonywa na mwili. Kinyama kilipokatwa sikuhisi maumivu, nilihisi kuvutwa kidogo tu. Mirija hiyo haina hisia ya maumivu kama ngozi. Kazi yote, kuanzia bomba kuingia hadi kutoka, ilikuwa ndani ya nusu saa.

Baada ya hapo hupaswi kula wala kunywa hadi ganzi iishe, jambo linalochukua saa moja au mbili hivi, na unaanza kwa kunywa maji kidogo kidogo ukiwa umekaa wima. Mdogo wangu alikuwa amenunua chai na chapati akiamini ananisaidia, na wauguzi walikuwa wamehamia kwa mgonjwa mwingine. Mwambie anayekusindikiza kanuni hii yeye pia. Na msindikizaji ni lazima, kwa kuwa kwa saa 24 baada ya dawa ya kusinzisha mtu hatakiwi kuendesha gari wala pikipiki, kusaini mikataba au kubaki peke yake. Kwa sisi tunaotoka mikoani maana yake ni kutafuta mahali pa kulala, si kukimbilia basi la jioni. Mimi nililala kwa shangazi, Sinza.

Usiku ule nilipata homa na baridi, ambayo ni kawaida baada ya kuoshwa pafu na hutulia kwa parasetamoli ndani ya siku moja. Koo liliwasha, sauti ikakauka, na makohozi yalikuwa na michirizi ya damu iliyoisha yenyewe. Hakuna kati ya hayo nililoambiwa kabla ya kuondoka, na shangazi alikuwa ameshatafuta teksi ya kunirudisha hospitali. Yanayopaswa kukurudisha hospitali bila kusubiri asubuhi ni kukohoa damu yenyewe badala ya michirizi, kubanwa pumzi, maumivu makali ya kifua yanayoanza ghafla, au homa isiyokwisha baada ya siku moja. Pumzi kubana na kifua kuuma ghafla kunaweza kumaanisha kwamba pafu limetoboka na hewa inavuja, tatizo lisilotokea mara nyingi lakini linalojulikana hasa pale kinyama kinapokatwa ndani ya pafu lenyewe, na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupigwa eksirei kabla ya kuruhusiwa.

Kwenye gharama, bei niliyotajiwa dirishani ilikuwa ya kipimo tu. Uchunguzi wa kinyama maabara na vipimo vya maji yaliyooshwa vilitozwa kando, na kibali cha bima kiliombwa upya kwa ajili ya vipimo hivyo wakati sampuli imeshatoka. Hili linakera kweli, kwa sababu mgonjwa anayesubiri kuambiwa kama ana saratani hapaswi kuzungushwa dirisha hadi dirisha. Kabla ya siku yenyewe ulizeni kwa maneno haya: bei hii inajumuisha maabara? Bima imeidhinisha vyote?

Majibu nayo hayatoki pamoja. Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu la kifua kikuu ndani ya saa chache tangu sampuli iingie mashineni, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Kinyama huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, na kuotesha vimelea huweza kufika wiki 6 hadi 8. Mimi niliambiwa "njoo baada ya wiki mbili", nikaja, nikapewa jibu la kinyama pekee, lisilo na dalili ya saratani, na jibu la GeneXpert likawa limekaa kwenye faili la maabara tangu siku ya pili: lilionyesha kifua kikuu. Wiki nzima na zaidi niliishi nyumba moja na watoto wa ndugu zangu bila dawa. Ombeni orodha ya kila sampuli iliyochukuliwa, inapimwa nini, na nani atakupigia simu jibu likitoka. Pia, kama daktari hakukuambia, uliza kama upeleke makohozi ya siku zinazofuata kipimo, kwa sababu kikohozi cha baada ya bronkoskopi huweza kutoa vimelea ambavyo makohozi ya awali hayakuonyesha.

Dawa za kifua kikuu zilianza siku ile ile kwenye kliniki, bila malipo kama ilivyo katika vituo vya serikali nchini, kwa mpango wa miezi 6. Nilirudi Morogoro na nakala za majibu yote pamoja na picha zilizopigwa ndani ya mirija, na daktari wa huku alizitumia moja kwa moja bila kunirudisha Dar es Salaam kwa maswali.