TAHADHARI: Mawakala wanaouza "shahada ya ualimu yenye ajira ya uhakika" hapa Dar

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhadhiri wa kitivo cha elimu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kila dirisha la udahili likifunguliwa kuna watu wanasambaa Ubungo, Mbagala, stendi ya Mbezi na kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza kidato cha sita, wanauza nafasi za kusomea ualimu. Ikifika Novemba, sisi tunaofundisha ndio tunaowapokea walioumizwa.

Mwaka jana, wiki ya kwanza ya masomo, aliingia ofisini kwangu binti kutoka Kigoma, begi bado liko begani. "Shikamoo mwalimu, nimeambiwa nije kwako unipe ratiba ya Kiswahili na Historia." Nikatafuta jina lake kwenye orodha yangu, halipo. Nikamwomba barua ya udahili. Akafungua simu, akanionyesha picha yenye ukungu ya barua aliyotumiwa na wakala. Kozi iliyoandikwa pale ni shahada ya elimu ya watu wazima. Chini ya picha hiyo kwenye mazungumzo yao kulikuwa na ujumbe wa muamala: Sh350,000 kwenda namba binafsi, jina la mtu. Wakala aliiita "ada ya kushikilia nafasi".

Sasa sikilizeni jinsi walivyomfanyia, maana ndiyo mbinu yenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwa akaunti yake. Huyu binti hakuwa na simu ya intaneti wakati ule, kwa hiyo wakala akamfungulia akaunti "kumsaidia", akaweka barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu. Matokeo ya awamu ya kwanza yakatoka, binti amechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kikiwemo kimoja alichokitaka hasa kwa ualimu wa Kiswahili na Historia. Aliyechaguliwa hivyo hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Ilikwenda kwa nani? Kwa wakala. Na wakala akathibitisha chuo kinachomlipa yeye. Binti hakujua kama aliwahi kuchaguliwa kwingine mpaka siku ile tulipokaa naye kwenye kompyuta yangu. Alilia. Tulihangaika na uhamisho, tukakuta kozi aliyoitaka imejaa. Amerudi nyumbani kusubiri mwaka mzima, na mama yake alikuwa ameuza mbuzi.

Elimu ya watu wazima ni taaluma nzuri, na wapo wenzangu wanaoifundisha kwa moyo. Shida ni kumuuzia mtu kozi hiyo kwa jina la "ualimu wa sekondari". Tangazo la ajira za walimu serikalini huwa linataja masomo: Hisabati, Fizikia, Kiswahili, Jiografia. Ukienda na shahada ya elimu isiyo na somo la kufundishia, usitegemee kuitwa kwenye usaili wa nafasi hizo. Kwa hiyo kabla hujakubali kozi yoyote yenye neno "elimu", uliza swali hili moja: nitahitimu nikiwa mwalimu wa masomo gani? Wakala akijibu "yoyote, utachagua ukifika", ondoka hapo. Masomo yako ya kufundishia yanatokana na ufaulu wako wa kidato cha sita, na sifa za kila kozi zimeandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ambao ni bure kwenye tovuti yao.

Kuhusu "ajira moja kwa moja". Wazazi wengi bado wanakumbuka enzi ambazo mwalimu alimaliza chuo akapangiwa kituo. Enzi hizo zimepita. Sasa anaomba kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi mtandaoni, na kufanyiwa usaili, na mwanzoni mwa 2025 waombaji zaidi ya 200,000 waliwania nafasi zisizofika 15,000 za ualimu. Hakuna chuo, mhadhiri wala wakala mwenye mkono kwenye hizo nafasi. "Mkopo asilimia mia" nao ni uongo uleule. Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji wa mwombaji, na anayeomba ni mwanafunzi mwenyewe. Tena ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Na hapa lazima niseme linaloniuma. Baadhi ya vyuo vinawalipa watu hawa kwa kila kichwa wanachokileta, na changu kimo. Kipeperushi cha mwaka jana kilichapishwa na picha yangu nikiwa ubaoni, juu yake maneno "Ajira ya uhakika". Sikuulizwa. Tulilalamika kikaoni, walimu sita, tukajibiwa tujaze madarasa kwanza. Matokeo yake nina darasa la watu wengi ambalo siwezi kukagua andalio la somo la kila mmoja, na wakienda mafunzo kwa vitendo wapo ninaowafikia mara moja tu. Kijana ameahidiwa ajira, sisi hata muda wa kumfundisha kuandika azimio la kazi (mpango wake wa ufundishaji) vizuri hatuna. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuona aibu ya kazi yangu kama niliyoiona siku ile nikiwa na kile kipeperushi mkononi.

Kama una kijana nyumbani, mfungulie akaunti kwa namba yake na barua pepe yake, hata ikibidi mkae naye kwa jirani mwenye simu. Namba ya siri ya kuthibitisha asimpe mtu yeyote, hata anayejiita afisa udahili. Malipo yapite kwenye akaunti ya chuo au kontroo namba, kamwe si kwa namba ya mtu. Chuo angalia kwenye orodha ya TCU. Halafu fika kitivoni, gonga mlango, muulize mwalimu anayefundisha hiyo kozi. Wengi wetu tutakwambia ukweli.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo. Apige picha ya vyote, afungue jalada polisi achukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake), na ujumbe wa tapeli autume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Binti wa Kigoma alikuwa amehifadhi kila kitu, na jalada lake lipo wazi.